Jina la Mwanangu Masikioni mwa Watu

Redfern, Sidni
9 Februari 2022

Mama Mkubwa Verna, shikamoo.

Nimepiga simu mpaka nimechoka. Mama anasema umeizima na kuitupia kabatini, kwamba tangu asubuhi ile polisi walipokupigia kukupa habari ya msiba, hutaki tena kusikia mlio wake. Basi naandika. Mwandiko wangu unaujua tangu nikiwa shule ya msingi, uvumilie tu.

Hapa ni joto na ninakaa juu kabisa, chini ya bati. Kazini hawajambo. Lakini hilo silo lililonikalisha chini.

Unajua natengeneza hereni. Zile kubwa za plastiki ngumu, za rangi zetu sisi wenyeji wa asili, zinazogonga mabega. Tuna karakana ya pamoja hapa mtaani yenye mashine ya kukata kwa mwanga. Kabla ya maandamano ya Januari, yale yetu ya siku walipotua wazungu, nilikata hereni zenye jina. RENNIE. Herufi nyeusi, pana kama biskuti, na ukingo wa manjano. Nilitengeneza chache za sisi ndugu tu. Mama Mkubwa, tulipofika bustanini zilikuwa zimekwisha, na watu wananishika mkono: zangu ziko wapi, zangu ziko wapi. Wanawake nisiowajua walikuwa wanatembea barabarani na jina la Rennie wako masikioni, na kila aliyewauliza, walisimama wakamweleza. Kwamba alikamatwa kwa kutukana tu barabarani. Kwamba alikuwa na pumu. Kwamba alikuwa anabonyeza kengele ya mahabusu mpaka mwisho.

Mwaka umepita na hata tarehe ya mahakama hatujapewa. Tukikaa kimya watamsahau. Rennie alikuwa mtu wa kelele, unamjua, asingependa kusahauliwa kimya kimya.

Nakutumia jozi moja kwenye bahasha hii.

Mwanao,
Tanika


Wilgamere
21 Februari 2022

Tanika,

Marahaba. Barua imefika. Jina lake nimelikata kwa mkasi kila mahali ulipoliandika, na sasa barua yako ina matundu kama neti kuukuu. Hukuzaliwa Sidni wewe. Unajua hatulitaji jina la marehemu mpaka wenye msiba walifungue. Picha yake bado nimeigeuzia ukutani. Hata Merv wa dukani, mzungu, amejifunza kusema "kijana wako".

Hizo hereni nimezirudisha kwenye bahasha yake. Sikuziangalia sana.

Sina nguvu ya kugombana, mwanangu. Wewe ni mtu mzima. Huko fanyeni mnavyofanya, ila huku msiniletee.

Mto umekauka mpaka chini ya daraja, limebaki tope na wale kunguru. Mama yako ameniletea mkia wa kangaruu, nimeupika, nimeula siku mbili. Usijali kuhusu kula kwangu.

Mama yako Mkubwa,
Verna


Redfern, Sidni
30 Aprili 2022

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nisamehe kuhusu jina, kwenye barua sitaliandika tena. Lakini barua yako nimeisoma mara nyingi na nashukuru umeturidhia tuendelee. Nilikuwa na hofu, nakuambia kweli.

Ungeona! Tumetumiwa maombi kutoka Perth, kutoka Darwin, hata ng'ambo ya maji Nyuzilandi, ndugu zetu Wamaori wanazitaka. Mbunge mmoja alizivaa bungeni, spika akamkazia macho, yeye akatikisa kichwa makusudi ili zigongane. Mwalimu mmoja wa Dubbo ameagiza za walimu wote. Wakili wetu, yule Imogen, anasema amepigiwa simu kutoka mahakamani na tarehe inakuja. Anasema kelele zimesaidia. Kelele, Mama Mkubwa! Kila siku tuliambiwa kelele zetu hazisaidii.

Nalala kidogo, lakini ni uchovu mtamu. Mimi niko salama kabisa.

Mwanao,
Tanika


Wilgamere
17 Juni 2022

Tanika,

Sikuridhia. Nilichoka. Hivyo ni vitu viwili.

Nisikilize nikwambie kilichonipata Dubbo. Nilikwenda kliniki kupimwa macho. Msichana wa mapokezi ni wa kwetu, mzuri, mcheshi, ana meno meupe. Aliinamisha kichwa kuandika, nikaona. Jina la mwanangu, sikio hili na sikio lile, linacheza cheza.

Nikamuuliza, maana mdomo ulisema wenyewe: "Hizo hereni zimeandikwa nini?"

"Aa, hizi shangazi? Ni yule kijana wa Wilgamere aliyefia mikononi mwa polisi. Humjui?"

"Ilikuwaje?"

Akaweka kalamu chini. Alinieleza kwa moyo, siwezi kumlaumu. Alisema walimpiga. Hawakumpiga, Tanika, walimwacha tu. Alisema alikuwa mcheza mpira. Mwanangu mpira alikuwa anauogopa kama nyoka. Halafu akashusha sauti, akasema, "Na mama yake naye alikufa kwa uchungu, masikini. Haukupita mwezi."

"Pole yake," nikasema.

"Ndiyo, shangazi. Haya, weka sahihi hapa."

Nikaweka sahihi. Jina langu lilikuwa pale mbele yake na yeye hakulijua, kwa sababu mimi sipo masikioni mwa mtu. Macho sikupimwa. Nilitoka nikakaa kituo cha basi mpaka basi likaja.

Wewe unaniambia watasahau. Mimi naona wamemkumbuka mtu mwingine, wakampa jina la mwanangu. Mimi ndiye niliyempa jina hilo. Niliambiwa nilinyamazie mpaka moyo utulie, nami nalinyamazia, inaniuma kila siku lakini nalinyamazia. Nyinyi mnalitembeza sokoni.

Zivueni. Waambie wote wazivue.

Verna


Redfern, Sidni
3 Desemba 2022

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimesitisha. Nilisitisha siku ileile barua yako ilipofika, nilishindwa tu kuandika. Nilitangaza kwamba familia imeomba ziwekwe kando, na wengi wameelewa. Wachache wamenitukana. Mmoja, hata hajawahi kufika Wilgamere, aliniandikia kwamba nimemsaliti Rennie. Samahani, limenitoka. Likate.

Zilizobaki nimezifunga kwenye sanduku. Mashine siigusi.

Imogen anasema uchunguzi utaanza Mei, hukohuko mahakama ya Wilgamere. Sijui kama unataka nije. Usiponiita, nitaelewa.

Mimi niko salama.

Tanika


Wilgamere
11 Mei 2023

Tanika,

Leo ni Alhamisi, wiki ya kwanza ya mahakama inakwisha. Sikukujibu barua yako ya Desemba. Nilikuwa na hasira, kisha hasira ikaisha, kisha nikaona aibu kwamba nimechelewa, basi miezi ikapita. Ndivyo tulivyo kwetu, mama yako naye ndivyo alivyo.

Nakaa mbele kabisa karibu na Imogen. Upande wa polisi wana mawakili wengi, wote wana mafaili ya rangi moja. Tangu Jumatatu nawasikiliza. "Mtu aliyekuwa kizuizini." "Mhusika." "Mtu huyo." "Mwanaume wa kienyeji mwenye umri wa miaka ishirini na mbili." Nimekaa nikimsubiri mwanangu aingie kwenye mazungumzo yao, haingii.

Jana wakamweka kizimbani polisi aliyekuwa zamu mwanangu alipokufa. Imogen akamuuliza alikuwa na watu wangapi mahabusu siku ile. Akasema mmoja. Akamuuliza, "Aliitwa nani?"

Tanika, alifunua karatasi.

Mtu mmoja tu alikuwa chini ya ufunguo wake, alimfia, na mwaka wa tatu huu, bado alifunua karatasi. Tena hakulipata upesi. Akasema, "Naweza kupata muda kidogo?" Hakimu akasema twende tukanywe chai.

Sikunywa chai. Nilikaa uani na Bibi Dulcie na wazee wengine wawili. Nikawaambia: mimi jina hili nimelinyamazia kwa heshima. Hawa wamelinyamazia kwa sababu hawalijui. Lakini mtu akiingia humo ndani leo hataona tofauti, atasikia kimya tu, na mimi sitaki kimya changu kifanane na chao. Bibi Dulcie akasema, "Mwenye msiba ni wewe. Ukilifungua, limefunguka."

Nimelifungua. Rennie. Nimeliandika. Picha pia nimeigeuza. Amekonda kuliko nilivyokuwa namkumbuka.

Sanduku lako lilete. Jumatatu wanaendelea na yule polisi. Mama yako atakupigia simu leo, barua isije ikachelewa: panda basi la Jumamosi, uje na zote.

Na ukija nitakueleza vizuri mambo ya mpira, ili uwaeleze watu.

Mama yako Mkubwa,
Verna


Redfern, Sidni
28 Mei 2023

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimefika salama, basi lilichelewa tu pale Nyngan. Nakuandikia kwa sababu tulipokuwa huko hatukupata nafasi ya kuongea, nyumba imejaa watu na wewe ulikuwa unalala saa moja jioni na viatu miguuni. Tena nimegundua ya mlangoni siku ile ya Jumatatu hukuyaona. Ulishaingizwa na Imogen kwa mlango wa pembeni. Ngoja nikusimulie.

Tulijipanga kwenye ngazi, karibu wanawake wote wa Wilgamere, na wengine waliokuja kwa magari kutoka mtoni juu. Kila mmoja na hereni zake. Wale ambao masikio yao hayakutobolewa niliwafungia kwa uzi. Bibi Dulcie yuko mbele na kigari chake cha kutembelea. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Akina mama, na hizo hereni hapana. Maandishi ya siasa hayaingii mahakamani."

"Siasa gani?" Bibi Dulcie akamuuliza. "Hilo ni jina la mtu."

"Naelewa ni jina, bibi, lakini..."

"Na hilo lako hapo kifuani? Nisomee, macho yangu mabovu."

Akajitazama kifuani. "Graham."

"Ni siasa?"

"Hili ni la kazi, bibi."

"Haya letu nalo ni la kazi. Kazi yenyewe haina likizo. Vua lako, Graham, na sisi tuvue letu, tuingie sote hatuna majina. Tutaitana 'mhusika'."

Watu wakacheka, hata yule mwanamke wa gazeti. Graham masikio yakawa mekundu. Nilidhani ataita polisi, na polisi walikuwa wamejaa pale, huna haja ya kuwaita. Lakini akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi, akauliza polepole, "Wewe ni nani wake?" Nikasema ni kaka yangu. Akaingia ndani. Tukasubiri kwenye jua. Aliporudi akasema hakimu anasema tuingie, mradi tusitoe sauti.

"Hatutoi," Bibi Dulcie akasema. "Nisukumie kigari hapa kwenye kizingiti."

Na Graham akamsukumia.

Basi hiyo ndiyo ya mlangoni. Mimi nilikaa nyuma kabisa na sikuona kitu, ila migongo na hereni. Watu wameanza tena kuomba. Safari hii natia kikaratasi kinachoeleza kila kitu sawasawa: kwamba aliachwa, kwamba alikuwa fundi wa pikipiki na alichukia mpira, na kwamba mama yake yu hai. Nafanya kazi usiku na mchana, lakini ni kazi njema. Mimi niko salama kabisa.

Hukumu ya hakimu wanasema Septemba. Sijui kama nitaweza kuja, kuna mambo mengi hapa.

Mwanao,
Tanika


Wilgamere
20 Septemba 2023

Tanika, mwanangu,

Jana hakimu amesoma. Ulisema una kazi, nikakuwekea kiti hivyohivyo, Merv wa dukani akakikalia.

Nianze na ile Jumatatu, maana wewe ulinieleza ya mlangoni na mimi sijakueleza ya ndani. Ulikuwa nyuma, hukuuona uso wa yule polisi. Mimi niliuona. Mlipoingia aliinua macho akasoma sikio la kwanza. Akageuza macho, yakaangukia sikio la pili. Akatazama dari, darini hakuna kitu, akarudi chini. Mlikuwa mnaendelea tu kuingia. Imogen akamuuliza, "Nani alikuwa anabonyeza kengele?" Hakufunua karatasi. Akasema, "Rennie." Kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Tangu hapo wote wakalitumia, hata wale wa mafaili. Hakimu pia. Jana alilitamka vizuri, toka mwanzo mpaka mwisho.

Sasa ya jana. Amesema mwanangu alibonyeza kengele mara nyingi na hakuna aliyekwenda kumwangalia. Amesema pampu yake ya pumu ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya meza yao, karibu na birika la chai. Amesema angepewa, angepona. Haya yote tulikuwa tunayajua, lakini kuyasikia yakisomwa na mtu wa serikali ni kitu kingine, kama mtu kukushika mgongo.

Halafu amesema hakuna atakayeshtakiwa. Kuna mapendekezo. Nikamuuliza Imogen mapendekezo ndiyo nini, akasema ni mambo ambayo hakimu anaomba yafanyike. Nikauliza nani analazimika kuyafanya. Imogen akaanza kulia, ikabidi mimi nimbembeleze.

Nje kwenye ngazi akina mama wakaniuliza, sasa tufanye nini? Nikasema twende tukale. Bibi Dulcie alikuwa amekanda unga asubuhi, tukachoma mikate kwenye majivu, tukala na siagi na sharubati ya miwa. Tulikuwa tumechoka, Tanika. Sijui kama tumeshinda. Nilikuwa namtazama kila mmoja na jina lile linaning'inia, nikaona mtu ana miaka sabini, amezika wangapi, na bado kesho atazivaa kwenda benki ili karani aulize. Nimezivaa na mimi. Ni nzito, hukuniambia. Zinavuta sikio.

Sasa nakuja kwako.

Mama yako ameniambia kazi uliyoajiriwa umeiacha tangu Juni. Anasema unakaa chumbani na maboksi, huli, na ukifunguliwa mlango unasema uko salama. Ulipokuwa hapa Mei nilikuona ukisinzia umekaa wima mahakamani, mkono wako una malengelenge ya moto wa mashine. Nilikuona pia siku nilipowaonyesha watu picha yake. Watu wote waliangalia, wewe ulikwenda kuosha vyombo.

Nimetoa barua zako zote nikazisoma upya, pamoja na zile zenye matundu. Umeniandikia ya maandamano, ya mbunge, ya wakili, ya hereni. Hakuna mahali umeandika kwamba wewe umefiwa. Na mimi katika zangu, nimekujibu mambo ya jina, mambo ya mahakama, nimekukaripia, nimekuagiza sanduku. Watu walipanga foleni mlangoni kwangu kunipa pole. Sikumbuki kama yupo aliyekuja mlangoni kwako.

Mlinyonya ziwa moja nyinyi, mama yako alipokuwa hospitali. Mlilala kitanda kimoja mpaka mkawa mnapigana mateke. Wewe ndiye uliyemfundisha kufunga kamba za viatu, ukamfundisha vibaya, akazifunga vibaya mpaka mwisho.

Basi nakuandikia mimi. Pole, mwanangu. Pole kwa kufiwa na ndugu yako Rennie. Ni msiba mkubwa umekupata.

Njoo nyumbani. Hereni acha, hata moja usilete. Njoo ulale tu.

Mama yako,
Verna


Redfern, Sidni
26 Septemba 2023

Mama,

Barua yako imefika asubuhi. Niliisoma nimesimama jikoni, nikakaa sakafuni. Nimelia mpaka jirani amegonga ukuta, halafu akaja mlangoni, mama mmoja wa Kisamoa, sijawahi hata kumsalimia. Akauliza nani amekufa. Nikamwambia.

Yuko hapa sasa hivi, ananikaangia mayai. Natoka kesho na basi la asubuhi.

Tanika